Kabla fundi wa intaneti hajapiga hodi, soda nunua jana yake

SIMU iliingia Jumatano saa kumi na moja jioni, nikiwa nimebanwa kwenye daladala ya kurudi Sinza. Dada wa upande wa pili alikuwa na sauti ya upole: "Ndugu mteja, mafundi wetu watafika kwako Jumamosi saa nne asubuhi kukuunganishia faiba. Tunaomba uwepo nyumbani." Nikajibu, "Poa dada, hamna tabu."

Jamaa niliyebanana naye akanigeukia huku anacheka. "Faiba, eh? Basi bwana umeukata." Nami nikacheka, si unajua tena mambo ya kwenye daladala. Lakini ukweli ni kwamba mgongoni kijasho chembamba kilianza kunitoka.

Msomaji, usinione mshamba. Intaneti ya kasi ninaitaka kuliko mtu yeyote mtaani kwetu. Mimi mkate wangu unatoka kwenye kompyuta: nahariri video za harusi, sendoff na kitchen party. Video moja ikikamilika inakuwa na uzito wa kama gigabaiti 12, na mteja yuko Muscat au Minnesota, anaitaka leo. Kwa kile kisanduku changu cha laini ya simu kilichokuwa kinapandisha megabiti 4 kwa sekunde, kazi kama hiyo ilikuwa inachukua saa 6 na dakika 40. Yaani unalala, unaamka, bado inapanda. Na umeme ukikatika usiku wa manane, unaanza upya.

Sasa kijasho kilikuwa cha nini? Nilikuwa naogopa fundi. Tena si fundi mwenyewe, nilikuwa naogopa soda.

MAMBO YA SODA

Mwaka 2017 nilikuwa natumia modemu ya kuchomeka, ile ndogo kama kibiriti. Nikaamua kupanda daraja, nikachukua intaneti ya kisanduku. Kampuni moja, jina nalihifadhi, ikamleta kijana wake nyumbani. Kijana mtanashati, mcheshi, ana begi lake mgongoni. Akafunga kisanduku chake dirishani, akakaa mbele ya kompyuta yangu, akabofya mara mbili tatu, akasikitika.

"Kaka, mashine yako imejaa uchafu. Tuisafishe kidogo ili spidi ionekane?"

Mimi nani nimbishie fundi? Nikamwambia, "Fanya tu, kaka." Halafu, kwa kuwa mgeni ni mgeni na jua la saa saba lilikuwa kali, nikatoka kwenda dukani kumnunulia soda ya baridi. Pale dukani nikakuta ubishi wa Simba na Yanga. Nami nikachangia mawili matatu. Soda ikawa ya dakika ishirini.

Niliporudi, kioo cha kompyuta kilikuwa kinang'aa kama sahani mpya. Hakuna folda hata moja. Kijana anatabasamu: "Nimekufomatia na kukuwekea Windows mpya, hiyo ni ofa."

Nikauliza kwa sauti ya mtu anayezama: "Na mafaili yangu?"

"Si yako kwenye D?"

Msomaji wangu, mimi D sikuwa naijua. Diski yangu ilikuwa moja, haijagawanywa, kila kitu kiko juu ya meza kama nguo za mtu asiye na kabati. Yeye alidhani nimehifadhi vitu upande wa pili, maana wateja wake wengi ndivyo wanavyofanya. Mimi nilidhani "kusafisha" ni kufuta vumbi. Kila mmoja alidhani lake, na katikati ya dhana zile mbili zikapotea kazi za wateja wanne.

Na kitu kimoja kingine. Video ya sendoff ya dada yangu ya mwaka 2012, mama akiwa amesimama na kitenge chake cha kijani, ameshika kipaza sauti, anampa bintiye nasaha. Mama alifariki 2014. Video yenyewe ilikuwa ndani ya ile kompyuta na hakuna kwingine.

Nilikimbilia Kariakoo kwa mtaalamu wa kurudisha mafaili. Akanipa somo ambalo ningelipata mapema ningeokoka: faili likifutwa haliondoki papo hapo. Kinachofutwa kwanza ni anwani yake, na lenyewe hubaki mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Sasa Windows mpya ilikuwa imeshajimwaga pale juu, na mimi nikiwa na hasira nikaongeza programu zangu siku mbili mfululizo. Alirudisha picha kadhaa. Video ya mama hakuna.

Mwisho mama mdogo kule Tanga akakuta santuri ya DVD kwenye droo yake, imekwaruzwa vibaya. Inacheza mpaka nusu. Mama anaongea vizuri kabisa, anamwambia dada asiende kwa watu na mdomo mrefu, watu wanacheka, halafu anageuka upande wa shemeji na kusema, "Na wewe mwanangu, mke wako huyu..." Hapo inakwama. Mpaka leo hatujui shemeji alikuwa aambiwe nini. Yeye mwenyewe anasema hakumbuki, alikuwa na woga wa ndoa.

Dada hajawahi kunigombeza. Ila kila nikimtembelea anauliza, "Nikuletee soda?"

FUNDI MWISHO WAKE NI UKUTANI

Kwa hiyo safari hii nilijiapia. Kuanzia Jumatano usiku mpaka Ijumaa nilijiandaa kama mtu anayepokea wakwe. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mwenyeji asipopanga nyumba yake, mgeni anaweza kumuacha mgonjwa zaidi.

Jambo la kwanza nililojifunza ni hili: fundi wa intaneti analeta mtandao mpaka kwenye kisanduku ukutani. Kuanzia pale kwenye kisanduku kuja kwenye kompyuta yako, mwenye mali ni wewe. Akikusaidia, ahsante. Lakini kazi aliyotumwa si kompyuta yako.

Na tuelewane kidogo kuhusu hiyo faiba yenyewe, maana mtaani kila mtu anaitaja, wachache wanaijua. Ni uzi wa kioo. Pale katikati, njia anayopita mwanga ina upana wa maikromita 9 tu, unywele wako ni mnene mara kadhaa kuliko hapo. Haupiti umeme mle, inapita mwanga. Ndiyo hiyo hiyo iliyolazwa baharini: Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulipozinduliwa hapa Dar es Salaam, nchi ikaanza kuachana na kutegemea setilaiti, na mwaka uliofuata EASSy nao ukaanza kazi. Tofauti ni kwamba sasa uzi ule umetoka baharini, umepita barabarani, umekuja mpaka sebuleni kwako.

Basi, haya ndiyo niliyoyafanya. Chukua yanayokufaa.

NAKALA KWANZA, MENGINE BAADAYE

Jumatano ile ile usiku, kabla hata ya kula, nilichomeka diski ya nje na kunakili kila kitu: kazi za wateja, picha, vyeti, mikataba, na ile nusu ya mama. Alhamisi nikanakili tena kwenye diski ya pili, nikampelekea rafiki yangu Mwenge akanitunzie. Unaweza kuniona nimezidisha, lakini diski mbili zilizokaa meza moja, mwizi akiingia anaondoka nazo zote, na umeme ukipiga kwa nguvu unaziunguza zote.

Halafu nikafanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: nilizifungua zile nakala. Nikacheza video mbili tatu mpaka mwisho, nikafungua picha, nikafungua barua. Nakala ambayo hujawahi kuifungua ni kama mwavuli uliofungwa tangu dukani, huwezi kujua una tundu mpaka mvua inyeshe. Nilipomaliza nikachomoa diski, nikaifungia kabatini. Diski iliyobaki imechomekwa siku ya fundi haina maana yoyote, akifomati kwa bahati mbaya anaweza kufomati na hiyo.

Pia kuna maneno ya siri. Wengi tumezoea kompyuta ituhifadhie, sisi hatuyakumbuki hata moja. Niliyaandika yote kwenye daftari: la barua pepe, la benki, la programu ya kuhariria. Daftari likaenda kulala na diski kabatini.

CHUMBA CHA MGENI

Mgeni humlazi chumbani kwako. Kompyuta nayo ina vyumba. Kwenye Windows unaweza kufungua akaunti ya pili, ya kawaida, isiyo na mamlaka ya msimamizi. Niliiita "Mgeni". Anayeingia humo anaweza kufungua mtandao na kupima kasi, lakini hawezi kuweka programu inayogusa mashine nzima bila neno langu la siri, na mafaili yangu ya upande wa pili hayaoni.

Hili lina heshima yake. Mimi natunza video za kitchen party za watu. Mama wa watu amecheza pale kwa kujiachia akijua wapo wanawake watupu, halafu fundi wa intaneti apite anachungulia? Hapana bwana. Na wewe, hata kama huna kazi za wateja, una picha zako na barua za mpenzi wako. Siri ya nyumba haianikwi barazani.

MASHINE ISIWE MZIGO

Alhamisi niliikagua kompyuta yenyewe. Hapa ndipo watu wengi wanapochemsha: wanalipia kasi kubwa, wanaiingiza kwenye mashine au waya usioweza kuibeba, halafu wanalalamika wameibiwa.

Ndani ya kompyuta ya mezani kuna kadi ya mtandao, pale nyuma unapochomeka waya. Kadi za zamani mwisho wake ni megabiti 100 kwa sekunde. Za kisasa ni 1,000. Mimi nilinunua kifurushi cha 150. Kama kadi yako ni ya 100, hata wakuletee 500, utapata chini ya mia tu. Ni sawa na kumwaga ndoo kwenye faneli ya mafuta ya taa. Nikaangalia kwenye mipangilio ya mashine: kadi yangu ni ya 1,000. Nikaandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa, KADI 1,000. Karatasi hiyo, msomaji, ishike vizuri, tutairudia.

Halafu waya. Ule waya wa mtandao ndani una nyuzi nane, zimesokotwa mbili mbili, jozi nne. Kasi ya 100 inatumia jozi mbili tu. Kasi ya 1,000 inahitaji jozi zote nne. Maana yake ni kwamba uzi mmoja tu ukikatika, waya unaweza kuendelea kufanya kazi kama kawaida, taa zinawaka, mtandao unapatikana, lakini umerudi kwenye 100 kimya kimya bila kukuambia. Wangu ulikuwa umepigiliwa ukutani kwa vipini tangu 2017, umenyooka vizuri, nikauonea huruma kuung'oa. Hata hivyo Ijumaa nikapita Kariakoo nikanunua mpya, Cat 6, nikauacha kwenye mfuko wake.

Na Windows yenyewe. Toleo la 10 liliacha kupewa huduma ya kawaida Oktoba 14, 2025. Kuunganisha mashine isiyozibwa matundu kwenye intaneti ya kasi ni kama kununua geti jipya na kuacha ukuta wa nyuma umebomoka. Toleo la 11 linadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na mashine za zamani nyingi hazina au haikubaliki. Yangu ya mtumba niliyoinunua 2021 ilikubali, nikashukuru Mungu. Masahihisho yote nikayashusha mapema, ili siku ya kupima kasi mashine isiwe inanyonya mtandao kwa siri.

MWENYE NYUMBA NA SOKETI

Faiba haiingii kwa maombi, inaingia kwa drili. Kama umepanga, mwambie mwenye nyumba kabla. Baba mwenye nyumba wangu alikuja Ijumaa jioni na kanzu yake, akaangalia ukuta kama daktari. "Shimo moja, dogo, na mzibe vizuri mvua isiingie." Tukakubaliana mahali kabisa, nikaweka alama kwa chaki. Najua jamaa mmoja mafundi walifika na ngazi, mwenye nyumba akatokea akawatimua. Alingoja wiki tatu nyingine.

Mahali pa kisanduku nako pana siri yake. Waifai ni mawimbi, na mawimbi hayapendi ukuta wa tofali, kioo cha kabati wala mgongo wa friji. Yapo ya aina mbili kubwa. Ya gigahezi 2.4 yanakwenda mbali na kupenya ukuta, lakini yana msongamano, kila jirani anayo, na hata oveni ya maikrowevu inayavuruga. Ya gigahezi 5 yana kasi zaidi lakini hayafiki mbali. Kwa hiyo weka kisanduku juu juu, katikati ya nyumba, siyo chini ya meza ya TV nyuma ya maua ya plastiki. Na kompyuta ya kazi iunganishe kwa waya, usitegemee mawimbi.

Kagua soketi pia. Visanduku vinaweza kuwa viwili, kimoja cha kugeuza mwanga na kingine cha kusambaza waifai, na kila kimoja kinataka umeme. Niliondoa chaja tatu zilizokuwa zimejazana, nikanunua umeme wa LUKU wa kutosha, na kile kibetri cha akiba cha kompyuta nikakihamishia kwenye visanduku pia. Maana faiba haina ujanja, umeme ukikatika kwako na kisanduku kimezimika, mwanga unafika mlangoni unakosa wa kuupokea.

Mwisho nikapiga picha nyuma ya kompyuta, kila waya ulipo. Na nikapima kasi ya mtandao wa zamani mara tatu, asubuhi, mchana, usiku, nikaandika. Usipojua ulikotoka, utasifu chochote utakacholetewa.

JUMAMOSI YENYEWE

Saa nne na nusu, hodi. Vijana wawili, sare za kampuni, ngazi begani. Niliomba vitambulisho kwa adabu, nikalinganisha majina na ujumbe niliotumiwa. Hawakukasirika. Aliyekasirika ukimuuliza kitambulisho, huyo ndiye wa kumuuliza mara mbili.

Nikafungua friji, nikatoa soda mbili za baridi. Nilizinunua Ijumaa.

Wakapitisha uzi kutoka kwenye nguzo, wakatoboa pale pale penye chaki. Mmoja akaniambia nisiuchungulie ule uzi kwa upande wa ncha, mwanga wake jicho halioni lakini unaweza kuliumiza. Akaniambia pia nisije nikaukunja kama waya wa redio, kona kali inavujisha mwanga au inauvunja uzi kabisa. Wakachomeka. Taa ya LOS ikawaka nyekundu, maana yake mwanga haujafika. Mwenzake akapanda tena nguzoni, akasafisha kiungio, nyekundu ikazimika. Tukapiga makofi kama tumefunga goli.

Sasa kupima. Kwenye simu yangu, nikiwa karibu na kisanduku: 147. Safi. Tukahamia kwenye kompyuta, kijana akachomeka ule waya wangu wa ukutani, akaingia kwenye "Mgeni", akapima.

94.

Akapima tena. 94. Mara ya tatu, 94. Akajikuna kichwa, akavuta kiti, na kisha, msomaji, nikasikia sentensi ambayo nilikuwa sijaisikia tangu 2017:

"Bro, hii mashine imechoka. Tungeipiga Windows mpya ingekaa sawa."

Damu ilinisimama. Lakini safari hii sikuwa dukani. Nilikuwa nimesimama pale pale na karatasi yangu mkononi. Nikamwambia kwa upole, "Mdogo wangu, kadi yangu ni ya elfu moja, nimeiangalia juzi. Na hiyo 94 inagoma pale pale kila mara. Mashine iliyochoka ingeyumba, mara 60, mara 110. Hii ni kama imegonga dari la mia."

Akanitazama. Nikafungua ule mfuko wa Kariakoo, nikatoa waya mpya, nikaupitisha sakafuni ovyo ovyo tu. Tukachomeka.

148. Kushusha na kupandisha.

"Kumbe waya!" Kijana akacheka mpaka soda ikampalia. Tukaung'oa ule wa zamani ukutani. Nyuma ya kochi, panya alikuwa ameutafuna, uzi mmoja umekatika kabisa na mwingine unaning'inia. Miaka yote ile kile kisanduku cha zamani kisichofika hata 20 hakikuhitaji zaidi, ndiyo maana sikugundua. Yeye hakuwa na nia mbaya, kama ambavyo yule wa 2017 hakuwa nayo. Fundi ana nyumba nne za kwenda siku hiyo, na kufomati ni dawa anayoijua. Lakini dawa yake ingenichukua siku nzima, na tatizo lingebaki pale pale nyuma ya kochi.

Niliweka saini kwenye fomu baada ya kupima, siyo kabla. Nilipiga picha fomu na namba ya kisanduku. Walipoondoka nikabadilisha maneno yote mawili ya siri: la waifai, na lile la kuingilia kwenye mipangilio ya kisanduku, ambalo wengi hulisahau na huwa limebandikwa mgongoni kila mgeni analisoma. Akaunti ya "Mgeni" nikaifuta. Zile namba za kupima nikazibandika ukutani, 148 kwa waya, ili siku mambo yakidorora nijue pa kuanzia. Kwa mfano Mei 12, 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilipokatika baharini, mtandao ulizorota nchi nzima, na ninao marafiki waliofomati kompyuta zao siku ile. Kioo kimekatika chini ya bahari, mtu anafuta picha zake Tabata.

NA MAMA?

Jioni ile kazi ya kwanza ya mteja, gigabaiti 12, ilipanda kwa dakika 11. Sikuamini, nikakaa naitazama kama sinema. Kwa ile 94 ingekuwa 17. Kwa kisanduku cha zamani ningekuwa nimelala.

Kisha nikachukua ile nusu ya mama, ile yenye ubora kamili ambayo sikuwahi kuituma kwa sababu ya uzito wake, nikaipandisha kwenye kundi la ndugu zetu. Mama na kitenge chake cha kijani. Asiende kwa watu na mdomo mrefu. Watu wanacheka. "Na wewe mwanangu, mke wako huyu..." Inakwama.

Walikaa kimya muda mrefu. Mama mdogo wa Tanga akatuma sauti, analia na kucheka. Shemeji akaandika kwamba ameangalia mara tano na sasa anahisi anakumbuka: mama alisema mke wake huyu ana hasira za asubuhi, asimsemeshe mpaka anywe chai. Dada akamjibu kuwa mama hawezi kusema hivyo. Ubishi ukawaka. Mpaka sasa bado unaendelea.

Saa nne usiku dada akanitumia ujumbe wa pembeni, peke yangu. Neno la shukrani hamna, sisi kwetu hatuna mambo hayo. Aliandika hivi:

"Safari hii soda ulinunua saa ngapi?"

Nikamjibu, "Jana yake, dada."